Seva moja, kompyuta ishirini: ni programu gani ya kuchagua?

Shule au chama cha ushirika kinachohitaji kompyuta ishirini siku hizi huambiwa na wauzaji kwamba hakina haja ya kununua ishirini. Kinunue seva moja yenye nguvu, na mezani ziwekwe skrini, kibodi na visanduku vidogo tu. Windows au Linux ya kila mtumiaji hukaa ndani ya seva, kama kompyuta pepe. Jambo hilo linawezekana, tena hata bila intaneti, mradi nyaya za mtandao wa ndani ziwe nzuri. Swali ni programu gani itakayoigawa seva hiyo, ile ambayo mafundi huiita haipavaiza.

Kazi yake inafanana na ya mgawa maji kwenye mfereji wa umwagiliaji: huamua kompyuta pepe ipi ipate nguvu kiasi gani, na lini.

Kwa miaka mingi mafundi wengi walichagua VMware, ya kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1998. Ni programu imara, hatuna ubishi. Lakini Novemba 2023 kampuni hiyo ilinunuliwa na Broadcom, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa mteja hulipia kwa kipindi. Toleo la bure liliondolewa Februari 2024, likarudishwa 2025. Horizon, sehemu iliyoshughulika hasa na kompyuta pepe za watumiaji, iliuzwa na sasa iko chini ya kampuni nyingine, Omnissa. Kwa shule inayoendeshwa kwa ada na michango ya wazazi, malipo yanayorudi kila mwaka ni jambo la kuuliza kabla ya lingine lolote.

Hyper-V ya Microsoft huja ndani ya Windows Server. Kama mmeshainunua hiyo na fundi wenu anaijua, itumieni. Ile Hyper-V Server iliyotolewa bure peke yake iliishia toleo la 2019.

Sisi tungeanza na Proxmox VE. Inatengenezwa Vienna, Austria, na toleo lake la kwanza lilitoka 2008. Imejengwa juu ya Linux, unaipakua bure ikiwa na vipengele vyote, na ada ni kwa anayetaka msaada na masasisho yaliyopimwa zaidi. Upungufu wake ni kwamba haina kipengele chake cha kumpokea mtumiaji na kumwelekeza kwenye kompyuta yake pepe. Kwa meza ishirini si tatizo: kila kisanduku kinafungwa na kompyuta pepe yake, basi. Kwa mamia ya watu mtahitaji programu ya ziada.

Hapa ndipo wengi huteleza. Programu ya kugawa seva ikiwa ya bure, haina maana kwamba Windows iliyomo ndani ni ya bure. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta ya dukani hairuhusu kuihamishia kwenye seva. Kompyuta pepe zina utaratibu wake wa leseni, nao unaweza kuzidi bei ya vitu vingine vyote. Linux kama Ubuntu au Debian haina deni hilo, na kwa kuandika barua na kupiga mahesabu inatosha.

Kisha pigeni hesabu ya RAM. Kompyuta pepe ishirini, GB 4 kila moja, ni GB 80, na seva yenyewe inahitaji yake. Kwa hiyo tafuteni yenye GB 96 au 128. Diski ziwe SSD, maana wanafunzi wakiwasha zote pamoja saa mbili asubuhi, diski za kuzunguka zitawaweka wakitazama skrini tupu kipindi kizima.

Seva ikizimika, meza zote ishirini zinazimika. Betri ya UPS ni ya lazima, na nakala za data zikae kwenye kifaa kingine, si ndani ya seva hiyohiyo. Kabla ya kumlipa muuzaji, mwambieni awashe kompyuta pepe zote kwa wakati mmoja mbele yenu. Kisha afute moja na kuirejesha kutoka kwenye nakala, nanyi mkiangalia saa.