Msumeno wa Halmashauri na Msumeno wa Mkandarasi: Miti ya Barabarani Louisville, Columbus na Buffalo

Wakandarasi wa Tanzania wamelalamika kwa miaka kadhaa kuhusu utaratibu wa fosi akaunti, ambao halmashauri huutumia kujenga madarasa na vituo vya afya kwa mafundi wa mtaani bila kumpa kazi mkandarasi. Mpango wa madarasa 15,000 wa mwaka 2021 ulizidi kukoleza lalamiko hilo. Nchini Marekani ugomvi wa aina hiyo unawahusu wanaopogoa na kukata miti mijini. Upande mmoja zipo idara za manispaa zenye malori na misumeno yao. Upande wa pili zipo kampuni za miti, kuanzia ya watu wawili na gari moja hadi zenye maelfu ya wafanyakazi. Mjadala huendeshwa zaidi kwa swali la bei: nani atakata mti huu kwa fedha kidogo? Ninadai kwamba swali hilo ni la pili. La kwanza ni mti ni wa nani, na ukikatwa vibaya, au usipopandwa mwingine, hasara inamwangukia nani. Kwa kipimo hicho, jiji linapaswa kuwa na kikosi chake kwa miti ya umma hata pale mkandarasi anapokuwa nafuu, na linapaswa kukaa mbali na miti iliyo ndani ya ua wa watu.

Louisville, katika jimbo la Kentucky, inaonyesha mji unapojitoa kwenye kazi hiyo. Mti ulio katika ukanda wa majani kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara ni mti wa umma, lakini kuutunza ni jukumu la mwenye nyumba iliyo mbele yake. Yeye ndiye humtafuta mkandarasi, na yeye ndiye humlipa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kuwa eneo la mji lililofunikwa na miti lilishuka kutoka asilimia 40 mwaka 2004 hadi 37 mwaka 2012, sawa na kupoteza wastani wa miti 54,000 kila mwaka. Sidai kwamba kanuni hiyo ndiyo iliyoiua miti yote hiyo. Upepo uliobaki wa kimbunga Ike ulipita hapo Septemba 2008, dhoruba ya barafu ikafuata Januari 2009, na miti mingi ya mji huo imo katika ardhi ya watu binafsi. Madhara ya kanuni huonekana wakati wa kupanda upya. Mfano wa hofu inayozuia upandaji ni Detroit, ambako watafiti waligundua kwamba kati ya 2011 na 2014, karibu robo ya wenye nyumba waliopewa nafasi ya kupandiwa mti bure mbele ya nyumba zao waliukataa. Hawakuchukia miti. Waliona kwamba hawakuulizwa, na kwamba mti ukikua, ukidondosha matawi na kuinua njia kwa mizizi yake, mzigo utabaki kwao. Ikiwa hofu hiyo ilitosha kumfanya mtu wa Detroit aseme hapana, mtu wa Louisville, ambaye mzigo huo ameandikiwa kisheria, ana sababu nzito zaidi.

Wakati huohuo faida ya mti haibaki kwa anayeulipia. Mradi wa Green Heart wa Chuo Kikuu cha Louisville, ulioanza mwaka 2018, ulipanda takriban miti mikubwa na vichaka 8,000 katika mitaa ya kusini ya mji. Mwaka 2024 watafiti wake walitangaza kwamba wakazi wa maeneo yaliyopandwa walikuwa na kiwango cha chini kwa asilimia 13 hadi 20 cha protini ya damu inayohusishwa na hatari ya maradhi ya moyo. Hakuna mwenye nyumba atakayemlipa mkandarasi ili moyo wa jirani upate nafuu. Soko haliwezi kulaumiwa kwa kutouza kitu ambacho hakuna mtu mmoja wa kukinunua.

Columbus, jimboni Ohio, inafanya kinyume: miti ya barabarani hutunzwa na jiji kupitia idara yake ya burudani na bustani. Mtetezi wa sekta binafsi atasema, kwa haki kabisa, kwamba mpango wa miti wa mwaka 2021 ulikuta asilimia 22 tu ya Columbus imefunikwa na miti, chini sana kuliko Louisville, na lengo la asilimia 40 limewekwa hadi mwaka 2050. Kikosi cha umma peke yake hakileti kivuli. Ataongeza jambo la mdudu wa kijani anayetoboa miti ya ash, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na kuingia Ohio mwaka uliofuata. Mdudu huyo huua karibu kila mti wa jamii hiyo, na mti wa ash uliokufa hukauka na kukatika haraka, hivyo mingi inahitaji kuangushwa kwa pamoja. Hakuna halmashauri yenye akili itakayoajiri watu wa kudumu kwa ajili ya wimbi la namna hiyo. Isitoshe, ufundi wenyewe Wamarekani waliupata kwa kiasi kikubwa kutoka kwa kampuni: John Davey, Mwingereza aliyehamia Kent, Ohio, alianza kazi hiyo mwaka 1880, na tawi la kampuni aliyoiacha ndilo lililopima miti ya Louisville kwa ile ripoti ya 2015. Ninayakubali yote hayo. Yanathibitisha kwamba mkandarasi anahitajika kazi inapofurika. Hayathibitishi kwamba kazi ya kila mwaka imwendee yeye.

Buffalo, jimboni New York, ndiko mambo yanakoonekana kwa karibu. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Oktoba 2006, zaidi ya sentimita 55 za theluji nzito ziliiangukia miti ambayo bado ilikuwa na majani. Matawi yalivunjika mji mzima, pamoja na yale ya bustani ambazo Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walianza kuzisanifu mwaka 1868. Kazi ya kuokota na kukata ililipiwa sehemu kubwa na FEMA, shirika la shirikisho la maafa, na kanuni za FEMA zinastahili kusomwa na yeyote anayedhani ushindani huu ulikuwa huru. Tawi linaloning'inia hulipiwa likiwa na kipenyo cha kuanzia sentimita 5 hivi pale lilipovunjikia. Mti ulioinama huhesabiwa hatari ukipita nyuzi 30. Halmashauri iliyotoa kazi kwa mkandarasi ilirudishiwa sehemu kubwa ya ankara yake. Iliyowatumia wafanyakazi wake wa kudumu ilirudishiwa saa za ziada tu. Mishahara ya saa za kawaida haikuhesabiwa. Kanuni hiyo ililegezwa kwa uondoaji wa mabaki baada ya sheria ya mwaka 2013. Kwa hiyo Buffalo ya 2006, kumtumia mtu wako mwenyewe kulikuwa ghali hata kama alifanya kazi bora zaidi. Wanaosema serikali hubebwa na sheria dhidi ya kampuni wanasahau sheria za namna hii.

Pia namna ya malipo huelekeza msumeno. Mwaka 1997 wanauchumi Oliver Hart, Andrei Shleifer na Robert Vishny walieleza kwa nini mkandarasi ana kishawishi kikubwa cha kupunguza gharama pale ubora usipoweza kuandikwa kwenye mkataba. Mti ni mfano unaowafaa sana. Unaweza kuandika idadi na kipenyo; ni vigumu kuandika busara ya kuuacha mti ulioumia ambao ungepona kwa miaka mitano. Anayelipwa kwa kila mti ulioanguka hana sababu ya kuuonea huruma ule unaosita.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Manispaa hailipi kodi ya mapato, haihitaji faida, na wakati mwingine ndiyo inayotoa kibali cha kukata mti. Ikiuza huduma hiyohiyo, inakuwa mwamuzi na mchezaji. Hapa kampuni zina haki, ndiyo maana naiwekea halmashauri mpaka kwenye uzio wa nyumba. Kwa miti iliyo nje ya uzio huo, dai kwamba wafanyakazi wa umma ni wavivu halijathibitika. Phoenix mwishoni mwa miaka ya 1970, na Indianapolis chini ya Meya Stephen Goldsmith miaka ya 1990, ziliwaruhusu wafanyakazi wa jiji kushindania zabuni dhidi ya kampuni, na mara kadhaa walishinda baada ya kupewa nafasi ya kupanga kazi yao wenyewe.

Lipo pia jibu la mji uliofukarika: kuwaachia kazi mashirika na watu wa kujitolea. Buffalo iliwekwa chini ya mamlaka ya usimamizi wa fedha mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikakabidhi bustani za Olmsted kwa shirika lisilo la kibiashara. Watu wa kujitolea wa Re-Tree WNY nao wamepanda maelfu ya miti tangu dhoruba. Kazi yao ni ya kusifiwa, lakini kupanda ndiko rahisi. Mti wa miaka 60 juu ya nyaya za umeme unahitaji lori lenye kikapu na mtu aliyefunzwa, na watu wa kujitolea hawafiki huko.

Katika miji yote mitatu wanaishi wasema Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi na Somalia, na wengi wao ni wapangaji. Mpangaji hana mkataba na mkandarasi, na mwenye nyumba hana haraka na joto linalompata mtu mwingine. Akiishi Columbus anaweza kupiga simu ya jiji, 311, akasema mti wa mbele unakufa. Louisville, mti huohuo unamrudisha kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo Louisville ianze kwa kuichukua miti ya barabarani katika mitaa yenye wapangaji wengi, iunde kikosi kidogo cha kudumu cha kupogoa, na iwaite wakandarasi dhoruba inapopita, kwa malipo ya saa badala ya idadi ya miti iliyoangushwa.