Aliyempikia Mgeni: Habari za Hoteli za Morogoro

Walioandika habari za mji wa Morogoro wamefuata aghalabu njia mbili. Wa kwanza wamefuata majina ya wakuu, tangu Kisabengo aliyejenga mji wake chini ya milima ya Uluguru katika karne ya 19, na binti yake Simbamwene aliyemrithi, mpaka watawala wa Kijerumani na wa Kiingereza. Wa pili wamefuata mali: mkonge, reli na viwanda. Sina ugomvi na njia hizo. Walakini katika zote mbili sijapata kuona mahali palipoulizwa swali hili dogo: mtu aliyefika Morogoro bila ya mke wala ndugu, jioni ilipoingia, alikula nini, na ni nani aliyempikia?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata kwa mama yangu katika mwaka 1998, nilipokuwa mwanafunzi. Mama ni Mluguru wa upande wa Matombo. Kwa muda wa miaka 12 alipika na kuuza wali na maharage chini ya mwembe, si mbali na stesheni ya reli, hata moshi ulipomdhuru kifua akaacha. Mimi nilikuwa mpenzi wa chakula tangu utoto; nilijua hoteli zote za bei ndogo katika mji, na katika kila moja nilijua siku ya kwenda na siku ya kupita bila ya kuingia. Nilipopata posho yangu ya masomo nilimwahidi mama kwamba kila Jumamosi nitamchukua tukale pamoja, mahali pasipo na gharama kubwa lakini penye ladha. Alicheka, kisha akasema neno lililonishangaza: "Mwanangu, katika umri wangu wote sijapata kuketi hotelini nikaandaliwa."

Kabla sijasimulia tulikokwenda, yafaa turudi nyuma. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii. Henry Stanley alipopita mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, aliukuta mji wa Simbamwene umezungukwa na ukuta wenye minara; aliporudi mwaka 1872 mafuriko yalikuwa yameharibu sehemu kubwa ya mji huo. Wapagazi wa misafara walipewa posho, yaani kipande cha nguo au shanga au kipimo cha nafaka, nao walipika wenyewe kambini, kila kundi na chungu chake. Mgeni alinunua unga, hakununua ugali. Na mgeni aliyeingia nyumba ya mtu alilishwa bure, kwa kadiri ya kanuni tuijuayo sote: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu apewe jembe. Kumuuzia mtu chakula kilichokwisha kuiva kungekuwa aibu kwa mwenye nyumba, maana ni kama kumwambia kwamba hatambuliwi kuwa mgeni wala kuwa mwenyeji.

Reli ndiyo iliyoleta mtu wa namna hiyo, asiye mgeni wala mwenyeji. Kazi ya kuijenga ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 garimoshi lilifika Morogoro. Vibarua wa reli walifanya kazi kwa makundi, na makundi hayo ndiyo yaliyotuachia neno genge. Mpaka leo tukisema "gengeni" twafikiri nyanya na mboga au sahani ya ugali, wala hatukumbuki tena wale watu wa sururu. Karibu na stesheni Wajerumani walikuwa na hoteli yao yenye vitanda na meza, lakini hiyo haikuwa ya kibarua. (Neno lenyewe lina mchezo. Wazungu walilileta likiwa na kitanda ndani yake. Waswahili walikitupa nje wakabaki na meza, na kitanda kikaja kupewa jina jingine, gesti.)

Kisha yakaja mashamba ya mkonge kuuzunguka mji. Watu waliletwa kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Wangoni, Wabena. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake, na kazi yao ilihesabiwa katika kipande cha siku 30. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Posho ya shambani ilikuwa unga na maharage. Mtu aliyekula unga wa kupimiwa wiki nzima, na kuupika mwenyewe akiwa amechoka, akija mjini na fedha mkononi hatafuti shibe tu. Atafuta chakula kilichopikwa na mkono wa mtu mwingine. Hapo ndipo hoteli ilipopata maana yake katika Kiswahili: nyumba ndogo ya Mwarabu au ya Mhindi, yenye mabenchi, birika kubwa la chai, mandazi, chapati, sambusa, na mchuzi wa nyama ulioweza kuonjwa kwa senti chache.

Jumamosi ya kwanza nilimpeleka mama katika hoteli ya namna hiyo, katika njia za karibu na sokoni. Tuliagiza chai ya maziwa, mandazi ya hiliki, na sambusa mbili kila mtu. Aliyachambua mandazi kwa vidole kama mwalimu asahihishaye daftari, akasema unga umeumuliwa vizuri ila mafuta yamechoka. Halafu akatazama jikoni, akatazama mezani, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Hapa mwanamke yuko wapi?" Nami nilikuwa nimekula mahali pale tangu utoto bila ya kuona kwamba mpishi, mwandazi, muosha vyombo na mpokea fedha wote walikuwa wanaume.

Swali la mama si la kupuuzwa na mwanahistoria. Hoteli ilitaka kuta, paa, leseni na mtaji. Na katika miji ya kikoloni vitu hivyo vinne havikumfikia kwa urahisi mwanamke wa Kiafrika. Walakini chakula chenyewe kilitoka kwake. Katika Uluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi hurithiwa kwa ukoo huo. Mwanamke wa mlimani si mgeni katika shamba la mtu. Kutoka Mgeta zilikuja kabichi, karoti na njegere, mboga za kigeni ambazo Waluguru walizifanya kuwa zao. Kutoka Matombo, Mkuyuni na Kinole zilikuja ndizi, mananasi, nazi na viungo. Mizigo hiyo iliteremka kwa miguu, aghalabu kichwani mwa mwanamke aliyeondoka kwake kabla ya alfajiri. Mama alipokuwa msichana alifuatana na bibi yangu katika safari hizo. Aliniambia kwamba walipokwisha kuuza walikula mihogo waliyotoka nayo nyumbani, wamesimama upenuni mwa hoteli, wakisikia harufu ya mchuzi uliotiwa nazi yao wenyewe.

Wala mlimani hakukuwa na raha ya kupita kiasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza ililazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuhifadhi udongo. Kazi ilikuwa kubwa na faida haikuonekana, na mwezi wa Julai 1955 watu wa Matombo walikusanyika kukataa. Mtu mmoja aliuawa kwa risasi, na mpango huo ukaachwa. Matuta yalikwisha, lakini mashamba hayakuongezeka, na vijana wengi wakateremka mjini kutafuta kazi. Nao pia walihitaji mtu wa kuwapikia.

Juu ya Msamvu nitasema machache, ingawa mimi ndiko nilikopenda zaidi. Waasi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwezi wa Novemba 1965, Zambia ilikosa njia yake ya kusini, na mafuta yake yakapitishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, katika barabara mbovu iliyoua madereva wengi. Dereva huyo hali saa ambayo watu wengine wanakula. Basi njia panda ikajifunza kupika usiku, na kupika kwa wingi: ugali mkubwa, nyama ya mchuzi, na pilipili ya kumwondoa mtu usingizi. Mama hakupapenda. Alisema chakula cha pale ni cha mtu anayekimbia.

Sasa nafika mwembeni. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula akiba ya nchi. Sukari, sabuni na mafuta vikaadimika, na mahindi ya njano yakaletwa kutoka ng'ambo, unga wake ukaitwa unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya klabu ile. Mshahara wa mtu wa kawaida haukufika tena katikati ya mwezi. Ndipo wake wa wafanyakazi, ambao mpaka hapo waliitwa mama wa nyumbani tu, walipotoka na sufuria zao mpaka kando ya njia, karibu na viwanda, stesheni na vituo vya magari. Mlaji alisimama mbele ya sufuria akanyosha sahani: "Mama, nitilie." Kwa kinywa cha mtu mwenye njaa irabu moja ikapotea, na jina likazaliwa: mama ntilie. Siku hizi wastaarabu husema mama lishe. Mama yangu halipendi jina hilo. Asema lishe ni neno la zahanati.

Lakini mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambuliwa. Na hapo mwanzo mwuzaji wa kando ya njia alihesabiwa kuwa mzururaji. Tafakari hayo, msomaji. Mwanamke aliyeamka saa kumi ya usiku, akateka maji, akachambua mchele na kuwasha kuni, akalisha watu 40 kabla ya adhuhuri, alikuwa katika macho ya sheria ni mtu asiye na kazi! Mama alianza biashara yake mwaka 1984. Asubuhi moja ya mwaka huo walikuja watu wenye marungu. Ni akina nani na walitumwa na nani, si kazi yangu kuandika hapa. Sufuria ilipigwa teke na wali ukamwagika mchangani. Mchele ule, kilo sita, ulikuwa wa mkopo, na alimaliza kuulipa kwa miezi miwili. Nilikuwa mtoto, nakumbuka alivyoisugua sufuria ile jioni kwa mchanga na majivu bila ya kusema neno, na kesho yake akaenda na kilo tatu.

Sheria ile ililegea, na wauzaji wadogo wakakubaliwa kidogo kidogo. Twaweza kusema, basi, kwamba kazi ya kumpikia asiye na mwenyeji ilianza kwa kibarua mwenyewe, ikachukuliwa na mwanamume mwenye kuta, na mwisho ikashikwa na mwanamke asiye na kuta, ambaye kwa asili ndiye aliyekuwa na chakula. Wako watakaobisha kwamba mambo ya mji mmoja hayatoshi kuthibitisha kanuni. Ni kweli, mimi nasema habari za Morogoro, mji wanaouita kasoro bahari. Na mambo yanabadilika tena. Tangu mwezi wa Juni 2024 treni ya umeme yapita kutoka Dar es Salaam. Madirisha yake hayafunguliwi, na yule mwuzaji aliyeinua sahani dirishani hana tena dirisha la kuinulia.

Jumamosi yetu ya mwisho mama alichagua mwenyewe mahali. Alinipeleka karibu na stesheni, kwenye mwembe ule ule. Palikuwa na binti aliyepika hapo, asiyemjua mama, na benchi moja la mbao. Mama aliketi. Binti akafunua sufuria, akainamisha kichwa kwa adabu, akauliza: "Shikamoo mama. Nikutilie nini?"

Mama alinyamaza kitambo, akipangusa mikono katika khanga ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akasema: "Marahaba. Wali na kisamvu." Alikula taratibu mpaka mwisho, hata punje haikubaki. Alipomaliza alimwita binti karibu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba tui zito amelitia mapema, ndiyo maana limekatika.

"Nielekeze basi, mama," binti alisema.

Mama akaondoka benchini, akazunguka nyuma ya sufuria, akachuchumaa motoni kana kwamba kifua hakikupata kumwuma. Mimi nikalipa sahani mbili, nikangoja peke yangu kwa muda wa saa nzima.