Kukiri Ugonjwa au Kukiri Kosa: Sheria na Ukimya wa Mwanachuo nchini Kenya, 1930–2025

Mjadala kuhusu mwanachuo kufichua au kuficha tatizo lake la afya ya akili huelekezwa mara nyingi kwenye unyanyapaa, kana kwamba ukimya ni zao la haya na mila peke yake. Historia ya sheria nchini Kenya inadai maelezo mapana zaidi. Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa mwaka 1930 chini ya utawala wa Waingereza, ilitamka katika kifungu cha 226 kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Adhabu yake iliweza kufikia kifungo cha miaka 2. Uingereza yenyewe ilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961. Miaka 2 baadaye Kenya ilipata uhuru, ikairithi sheria ambayo wenyewe walikwisha kuitupa.

Athari yake kwa mwanachuo haihitaji kutiwa chumvi. Aliyemweleza mshauri nasaha kwamba alikunywa sumu usiku wa kuamkia mtihani hakuwa akieleza maradhi tu, bali alikuwa akikiri kosa. Mshauri naye angemwahidi usiri kwa uhakika gani? Kunyamaza, katika mazingira hayo, kulikuwa uamuzi wenye mantiki. Kukuita ujinga ni kumwonea aliyenyamaza. Urithi wa kitabibu nao haukuwa wa kutia moyo: J. C. Carothers, aliyepata kuiongoza Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika mwaka 1953 akiifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo.

Katiba ya mwaka 2010 ililinda faragha katika Ibara ya 31, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Hata hivyo, kifungu cha 226 kilibaki hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kinakiuka Katiba.

Hukumu hiyo haimlazimu mwanafunzi kusema. Inachobadilisha ni swali ambalo mshauri anaweza kumsaidia kulipima: amwambie nani, kiasi gani, kwa faida ipi. Mhadhiri anayeombwa kuahirisha mtihani anahitaji kujua kwamba mwanafunzi hawezi kuufanya siku hiyo. Jina la ugonjwa si lazima alijue.