Kutu: Adui wa injini ya ndege ambayo haijaruka

INJINI mpya ya ndege inaweza kuharibika kabla haijawahi kuruka hata dakika moja. Adui wake si vumbi wala uchakavu wa kazi, bali ni kutu inayojijenga polepole ndani ya chuma kilichotulia.

Tatizo hili huwakumba hasa watu wanaojiundia ndege ndogo na wamiliki wanaonunua injini mapema, kisha kazi ya mwili wa ndege ikachelewa. Injini hubaki ndani ya kreti ya mbao kwa miezi, pengine miaka, huku mwenyewe akiamini kuwa mali yake i salama kwa kuwa haitumiki.

Kutu huhitaji vitu viwili tu ili kuanza: maji na oksijeni. Maji hayo si lazima yatokane na mvua. Mchana hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Usiku chuma kinapopoa, mvuke huo hugeuka matone madogo ya umande juu yake, ndani na nje. Jambo hili likirudiwa kila siku, silinda huloa na kukauka mara nyingi bila mtu yeyote kuiona.

Mahali pa kuhifadhia basi ni suala zito. Mjini Mombasa unyevunyevu huwa juu karibu mwaka mzima, na upepo wa bahari huleta chumvi ambayo huvuta maji na kuharakisha kutu. Nairobi nako, ulikoko Uwanja wa Ndege wa Wilson wenye ndege nyingi ndogo, msimu wa masika na baridi ya Julai haviaminiki. Si ajabu kwamba Marekani huhifadhi maelfu ya ndege zake katika jangwa la Arizona, ambako hewa ni kavu.

Sehemu zinazodhurika

Katika injini za pistoni, zikiwemo za Lycoming zinazotumiwa na ndege nyingi aina ya Cessna 172, sehemu mbili huumia mapema. Ya kwanza ni kuta za silinda, ambazo aghalabu ni za chuma kisicho na rangi wala kinga nyingine ila mafuta. Ya pili ni kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, pamoja na tapeti zake.

Katika injini za Lycoming za silinda zilizolala, kamshafti hukaa juu ya krenkishafti. Injini ikitulia, mafuta huteremka chini na mhimili huo hubaki mkavu. Kutu ikishatoboa vishimo vidogo juu yake, siku injini itakapowashwa uso wa tapeti utaanza kumeguka. Chembe za chuma huzunguka na mafuta, vali hazifunguki ipasavyo na nguvu za injini hupungua. Kamshafti haibadilishwi bila kupasua kasha zima la injini, na gharama yake si haba.

Hatua za kinga

Injini itokayo kiwandani huwa imetiwa mafuta ya kuhifadhia na kuzibwa matundu yake. Hata hivyo, kinga hiyo ina muda, na mnunuzi hana budi kusoma maagizo ya kiwanda kuhusu muda huo na namna ya kuihuisha.

Mwongozo wa Lycoming, kwa mfano, huagiza mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa maalumu ya kuzuia kutu na sehemu tatu za mafuta ya madini ya injini za ndege. Mchanganyiko huo hunyunyizwa ndani ya kila silinda kupitia tundu la plagi. Baada ya unyunyizaji wa mwisho, krenkishafti haizungushwi tena, maana pistoni ingefuta mafuta yaliyokwisha kushika ukutani.

Kisha tundu la plagi huzibwa kwa kizibo chenye chembe za silika jeli zinazofyonza unyevu. Chembe zilizotiwa kloridi ya kobalti huwa za buluu zikiwa kavu, na hugeuka waridi zikishalowa. Zipo pia za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani. Rangi ikibadilika, vizibo hubadilishwa bila kungoja.

Milango ya hewa na ya moshi nayo huzibwa baada ya kuwekewa mifuko ya silika jeli. Kila mfuko na kila kizibo kifungiwe utepe mwekundu, na idadi yake iandikwe katika daftari la injini. Mfuko mmoja ukisahaulika ndani, dawa itageuka sumu.

Makosa ya kawaida

Wapo wanaodhani kuizungusha rafadha kwa mkono kila wiki kunaisaidia injini. Kinyume chake, kunaondoa utando wa mafuta bila kupeleka mengine mapya.

Wengine, injini ikishafungwa kwenye ndege, huiwasha kwa dakika chache na kuizima. Uchomaji wa petroli huzalisha maji, na injini isiyopata joto la safari haiwezi kuyafukuza. Maji hayo huchanganyika na mafuta na kuzaa asidi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya kuamsha injini

Kosa kubwa kuliko yote ni kuiwasha injini iliyohifadhiwa bila kuikamua. Mafuta hayashindiliki, yakijaa juu ya pistoni, nguvu ya stata yaweza kupinda fimbo ya pistoni. Fundi huondoa vizibo na plagi za chini, huzungusha krenkishafti kwa mkono hadi mafuta yatoke, kisha hukagua silinda kwa kamera ndogo kuona kama pana kutu au chembe za silika zilizomwagika. Baadaye hutia mafuta yaliyoagizwa na kiwanda kwa saa za mwanzo, na chujio hukaguliwa mapema.

Kazi hii ifanywe au isimamiwe na fundi mwenye leseni, na kila hatua iandikwe.

Hata mashirika makubwa hayajasalimika. Mnamo Julai 2020, baada ya ndege nyingi kuegeshwa kwa sababu ya Covid-19, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza ukaguzi wa dharura wa Boeing 737 za miundo iliyotangulia Max zilizokuwa zimekaa siku 7 au zaidi mfululizo. Vali za hewa katika injini zilikuwa zikiingia kutu na kukwama, na visa vinne vya injini moja kuzimika vilikuwa vimeripotiwa.

Ndege hizo zina injini mbili. Ndege ndogo inayovuka Bonde la Ufa mara nyingi ina moja. Anayejenga ndege yake na aagize injini mwisho, wakati mwili uko tayari kuipokea. Na aliyekwisha kuinunua aifungue kreti leo atazame rangi ya vizibo.