Wimbi na Asili Yake: Jinsi Watu Walivyojifunza Kubashiri Mawimbi

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wa pwani huliona kila siku, na watu wa bara hulisikia kwa masimulizi tu: mawimbi ya bahari, yatokako, na jinsi wanadamu walivyopata elimu ya kuyajua kabla hayajafika.

Siku moja tulikuwa tukiwafundisha waalimu wanafunzi habari za pepo za kusi na kaskazi. Tukasema, kama visemavyo vitabu, kwamba mawimbi huletwa na upepo. Kijana mmoja, mwana wa mvuvi, akasimama kwa adabu akauliza: “Mwalimu, mbona kwetu ziko siku ambazo upepo umelala kabisa, maji yametulia kama kioo, na huko mwambani mawimbi yanavunjika kwa kishindo hata tunayasikia tukiwa nyumbani? Upepo ulioyaleta u wapi?” Kisha akatuambia kwamba ndugu wa baba yake alitoka na ngalawa asubuhi ya namna ile, akiamini utulivu wa hewa, akapinduliwa mlangoni mwa mwamba, wala hakuonekana tena.

Siku ile hatukuwa na jibu la kumtosha. Tulikwenda tukatafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Yatupasa kuanza na watu wa visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Tangu kale watu hao walikuwa na mchezo wa kupanda mawimbi kwa mbao, wakisimama au kulala juu yake, wakipelekwa na wimbi hata ufukoni. Merikebu za Kapteni James Cook zilipofika huko katika mwaka wa 1778 na 1779, Waingereza walishangaa, na mmoja wa maofisa wake, James King, aliandika habari za mchezo huo. Walistaajabu kuona watu wanafurahia mawimbi ambayo baharia Mzungu aliyaona kuwa ni mauti.

Basi kaskazi mwa kisiwa cha Oahu, katika visiwa hivyo, iko miamba iliyoelekea bahari kuu bila kizuizi chochote. Wakati wa baridi ya kaskazi, mawimbi makubwa mno huvunjika juu ya miamba hiyo, na mara nyingi jua linawaka na upepo ni mdogo. Ni fumbo lile lile la kijana wetu. Dhoruba iliyoyazaa mawimbi hayo haiko Hawaii. Iko mbali huko kaskazini, mwendo wa siku kadhaa, ambako watu wa kisiwani hawawezi kuona hata wingu lake.

Wanamaji wa zamani walijua kwamba upepo mkali huleta bahari chafu. Katika mwaka wa 1805 Mwingereza Francis Beaufort alitengeneza kipimo cha nguvu za upepo, kuanzia 0, maana yake shwari, hata 12, maana yake tufani. Lakini kujua upepo wa leo mahali ulipo si kujua wimbi la keshokutwa mahali pengine. Elimu hiyo ya pili ilikawia sana, nayo ilizaliwa kwa haja ya vita.

Katika mwaka wa 1942, Marekani na Uingereza zilikuwa zikijitayarisha kushusha majeshi katika pwani ya Afrika ya Kaskazini. Askari walifanya mazoezi Marekani wakitumia mashua zenye mlango wa mbele unaofunguka ufukoni. Kijana mmoja mtaalamu, Walter Munk, aliyezaliwa Vienna katika mwaka wa 1917, alipata habari kwamba mawimbi yakizidi kimo cha mita moja na nusu hivi, mashua hugeuzwa ubavu na kujaa maji, na mazoezi husimamishwa. Akatazama habari za pwani ya Moroko, akaona kwamba huko wakati wa baridi mawimbi huzidi kimo hicho mara nyingi. Akatambua hatari: maelfu ya watu wangeweza kuzama kabla adui hajapiga risasi hata moja.

Munk akamwita mwalimu wake, Harald Sverdrup, Mnorwe aliyekuwa mkuu wa chuo cha elimu ya bahari cha Scripps, katika California. Wawili hao wakatunga njia ya kubashiri mawimbi. Waliona kwamba ukubwa wa mawimbi hutegemea mambo matatu: nguvu za upepo, muda uliovuma, na upana wa maji ambayo upepo umepita juu yake bila kuzuiwa. Upepo mkali uvumao saa moja juu ya ziwa dogo hauwezi kuzaa mawimbi kama upepo uvumao siku mbili juu ya maelfu ya kilomita za bahari. Na tukichukua ramani ya hali ya hewa tukayapima mambo hayo matatu, twaweza kukisia mawimbi yatakayozaliwa.

Ilikuwako na shida nyingine. Mawimbi hayalingani, moja ni dogo, linalofuata ni kubwa. Ukiulizwa kimo cha mawimbi utajibu nini? Wataalamu wakaona kwamba baharia mzoefu, akikisia kwa macho, hayahesabu madogo, bali huyatia moyoni yale makubwa. Kwa hiyo wakaweka kanuni hii: yagawe mawimbi mafungu matatu kwa ukubwa, kisha tafuta wastani wa fungu la yale makubwa. Kanuni hiyo ingali ikitumika. Basi ukisikia redioni kwamba mawimbi yatafikia mita 2, usidhani kwamba hakuna litakalozidi. Katika mamia ya mawimbi, moja au mawili yaweza kukaribia mita 4.

Chuo cha Scripps kikawafundisha maofisa wa hali ya hewa njia hiyo, nao wakaitumia katika vita. Jaribio lake kubwa lilikuwa Juni 1944, majeshi yalipotaka kuvuka kutoka Uingereza kwenda pwani ya Normandy katika Ufaransa. Siku iliyokusudiwa ilikuwa tarehe 5, lakini hali ya hewa ikawa mbaya. Mkuu wa watabiri wa hewa, James Stagg, akamwambia Jemadari Eisenhower kwamba upepo utapungua kidogo tarehe 6. Na wale waliobashiri mawimbi walisema kwamba bahari itakuwa ngumu, lakini mashua zitaweza kufika. Wakavuka, na mashua nyingi zikafika. Hata hivyo bahari haikuwa na huruma kwa wote. Kikosi kimoja cha Wamarekani kiliteremsha baharini vifaru 29 vilivyotengenezwa ili vielee, navyo 27 vikazama, maana mawimbi yalikuwa makubwa kuliko vilivyoweza kuyastahimili. Hapo twaona kwamba kubashiri ni jambo moja, na kujua chombo chako chaweza nini ni jambo la pili. Mwenye kukosa moja katika hayo huangamia.

Wakati ule ule, Waingereza nao walikuwa na kundi la wataalamu waliochunguza mawimbi. Wawili wao, Norman Barber na Fritz Ursell, walitumia chombo kilicholazwa chini ya bahari karibu na Pendeen, katika Cornwall, kikipima mkandamizo wa maji kila wimbi lipitapo juu yake. Wakayachambua mawimbi kama mtu achambuavyo nafaka zilizochanganyika, mtama upande huu, kunde upande huu. Wakaona kwamba mawimbi marefu, yaliyo na nafasi kubwa kati ya moja na jingine, hutangulia kufika, na mafupi hufuata nyuma. Kwa kupima tofauti hiyo waliweza kusema dhoruba ilikuwa umbali gani, na siku gani. Habari zao zilichapishwa katika mwaka wa 1948, nazo zilionyesha kwamba mawimbi mengine yaliyofika Uingereza yalitoka ng'ambo ya Ikweta, kusini kabisa mwa Atlantiki.

Yafaa tuieleze vema sheria hiyo, maana ndiyo roho ya habari yetu. Tazama mahali mawimbi yanapovunjika, uhesabu sekunde zinazopita tangu wimbi moja hata jingine. Kama ni sekunde 10, kundi la mawimbi hayo husafiri katika bahari kuu mwendo wa kilomita 28 hivi kwa saa. Kama ni sekunde 16, mwendo ni kilomita 45. Kama ni sekunde 20, ni kilomita 56. Basi dhoruba ikitokea umbali wa kilomita 4,000, mawimbi ya sekunde 20 yatafika baada ya siku 3 hivi, na yale ya sekunde 10 yatafika karibu siku ya 6. Mawimbi ya kwanza huwa kama tarishi: kimo chake ni kidogo, lakini nafasi yake ni kubwa, nayo yanatoa habari ya wenzake walioko nyuma.

Katika mwaka wa 1963 Munk na wenzake waliweka vituo vya kupimia tangu Nyuzilandi, kupitia Samoa na Hawaii, hata Alaska. Waliyafuata mawimbi ya dhoruba za kusini kabisa mwa dunia yakivuka Pasifiki nzima, mwendo wa majuma mawili hivi hata kufika Alaska. Walistaajabu kuona kwamba mawimbi hayo, yakisha kutoka katika eneo la dhoruba, hupoteza nguvu kidogo sana njiani.

Tangu hapo elimu hiyo imekua. Katika mwaka wa 1978 Wamarekani walirusha satelaiti iliyoitwa Seasat, ikapima kimo cha mawimbi kutoka angani. Siku hizi kompyuta hufanya hesabu ya mawimbi ya bahari zote, na mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya hutangaza kimo cha mawimbi yanayotazamiwa.

Lakini tusidhani kwamba habari hizi ni za Pasifiki na Atlantiki tu. Katika Mei 2007 dhoruba kali ilipita kusini mwa Afrika Kusini. Mawimbi yake yalifika kisiwa cha Réunion tarehe 12, yakaipiga pwani ya kusini kwa nguvu nyingi. Siku tatu hivi baadaye yakafika Maldivi, yakaingia nchi kavu na kufunika sehemu za visiwa vingi, ambako hakukuwa na dhoruba. Hiyo ni Bahari yetu ya Hindi. Pwani ya Afrika Mashariki ina kinga kidogo, kwa kuwa kisiwa cha Madagaska huzuia sehemu ya mawimbi yatokayo kusini. Lakini yapitayo mashariki ya kisiwa hicho hayana wa kuyazuia mpaka yafike mwambani.

Sasa tuangalie mwamba wenyewe. Katika maji ya kina kirefu wimbi refu halionekani. Ngalawa hupanda na kushuka polepole, na mvuvi asitambue. Lifikapo penye maji haba, sehemu yake ya mbele hupunguza mwendo, ya nyuma inaisukuma, na kimo hupanda. Wimbi la mita 2 huvunjika kina kikiwa mita mbili na nusu hivi. Ufukoni penye mchanga, kina hupungua kidogo kidogo, na wimbi huchoka njiani. Mwambani kina hupungua ghafula, na wimbi huanguka lote kwa mara moja. Tena wimbi hupinda kuelekea penye maji haba, na kukimbia penye kina; ndiyo sababu mlango wa mwamba huwa na utulivu kuliko pande zake. Lakini siku ya mawimbi marefu hata mlango waweza kufungwa. Na wakati wa bamvua, maji yakijaa zaidi ya mita 3 juu ya yalipokupwa, mawimbi hupita juu ya mwamba na kufika ufukoni yakiwa na nguvu.

Kijana wetu alimaliza masomo, akawa mwalimu. Kabla hajaondoka tulimpa jibu lake: upepo ulioleta mawimbi yale ulivuma siku nyingi nyuma, mbali sana kusini, nao ulikuwa umekwisha kulala kabla mjomba na amu zake hawajaamka asubuhi ile. Akanyamaza, kisha akatuambia kwamba manahodha wa kwao wana desturi ya kusimama ufukoni na kutazama mwambani kitambo kirefu kabla ya kusukuma chombo, maana mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari hudanganya. Akasema, “Amu yangu siku ile alikuwa na haraka.”

Basi, ninyi mkaao pwani, fanyeni mambo mawili. Sikilizeni habari za hewa redioni, na msikiapo onyo, litiini hata kama anga ni nyeupe. Tena simameni mtazame mwamba, mhesabu sekunde. Mkiona zimezidi 14, jueni kwamba wageni wamewasili kutoka mbali, na wenzao wako njiani. Wazee wenu walisimama na kutazama kabla chombo chochote cha kupimia hakijatengenezwa; wataalamu wamewaongezea hesabu tu.