Mambo ya Kuzingatia Katika Kuchagua Makazi ya Mzee Mwenye Ugonjwa wa Kusahau

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa mlezi mkuu wa mzee, na makazi ya wazee kuwa hatua ya mwisho. Inapolazimu mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aangaliwe saa 24, familia imwone kwanza Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri.

Kabla ya kuamua, ndugu wayatembelee makazi mchana na usiku. Wahakiki usajili, idadi ya wahudumu wa zamu ya usiku, usalama wa uzio na lango, utunzaji wa dawa, na namna anavyohudumiwa mzee anayekataa kula au kuoga.

Mzee asiyeweza kueleza aliyotendewa hutegemea macho ya ndugu zake. Makazi yanayowazuia kumtembelea hayafai.