Mapambo Yaliyomo Kabatini: Kutoka Siyu hadi Tandika

Mwaka 1858, sawa na 1275 Hijria, Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Katika hali hiyo alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wasia ambao hadi leo unasomwa pwani yote. Wengi tunaujua kwa nasaha zake za dini na za utii wa mke kwa mume. Wachache husimama pale mama huyu anapozungumzia mapambo. Anamtaka bintiye ajipambe nyumbani kwa ajili ya mumewe, asikose wanja, hina, vikuku, marashi na asumini.

Ndugu msomaji, angalia ufupi wa orodha hiyo. Mwana Kupona hakuwa maskini. Mumewe alikuwa mtawala. Hata hivyo vitu alivyovitaja vinaenea katika kasha moja dogo, na kila kimoja kina kazi yake.

Tena vitu vya zamani vilikuwa na kipimo ndani yake. Liwa ilisagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, kiasi cha kujipaka siku hiyo, kwani ikibaki hukauka. Hina ikisharowekwa haingoji wiki ijayo. Asumini ya jioni asubuhi imenyauka. Wanja ndio uliodumu, nao hutumika kwa ncha ya kijiti. Vijiti vya shaba vya kutilia wanja vimefukuliwa katika magofu ya Kilwa, kwa hiyo desturi hii ina karne nyingi katika pwani yetu. Mwanamke hakuhitaji kuhubiriwa juu ya israfu katika vipodozi, maana kitu chenyewe kilimzuia.

Kizuizi hicho kiliondoka kilipokuja kikopo na chupa. Krimu haikauki leo wala kesho, basi hununuliwa nyingine kabla ya ile ya kwanza kufika nusu. Pamoja na krimu zikaja dawa za kuchubua ngozi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa hizo. Hata kabla ya siku yenyewe, vijana walikwisha kuwavamia wanawake mitaani Kariakoo. (Wapo wanaoikumbuka operesheni ile kwa sifa. Mimi sioni sifa katika kumchania nguo mwanamke wa watu hadharani.) Sketi fupi zilirudi, na mkorogo haukuondoka. Ikaja Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliyounda TFDA, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa TBS. Bado mtu akipita masoko ya Tandika au Tandale huwaona akina dada ambao mashavu ni meupe na vifundo vya vidole ni vyeusi.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Asili ya pambo ni halali. Katika Suratul-A'raf, aya ya 31 na ya 32, Allah (s.w.) anawaamrisha wanadamu wachukue mapambo yao kwenye kila mahali pa ibada, anakataza kupita kiasi, kisha anawahoji wanaoharamisha pambo alilowatolea waja wake. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipaka wanja na kuusifu ithmid. Kwa hiyo anayesimama juu ya mimbari ya Mbagala akalaani kila poda, amezidisha. Lakini aya hiyo hiyo iliyoruhusu pambo ndiyo iliyokataza israfu. Imepokewa kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita. Ikiwa maji ya ibada yana kipimo, je, losheni?

Basi dada afungue kabati lake, avitoe vyote, avitazame kimoja kimoja. Kilicho kizima akitumie mpaka kiishe kabla ya kununua kingine. Krimu yenye zebaki au haidrokwinoni haifai kumalizwa kwa hoja ya kuogopa israfu, maana zebaki huharibu figo, na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inatangulia thamani ya pesa. Wanja wa kununua nao auangalie, kwani baadhi yake una madini ya risasi. Wala asiazimane kijiti cha wanja na mwenye macho mekundu.

Rangi ya kucha ina hukumu yake. Imamu Nawawi katika Al-Majmuu ameeleza kuwa nta, unga uliokandwa au hina yenyewe ikiganda juu ya kiungo ikazuia maji kufika, udhu hausihi. Ikibaki rangi tu ya hina, haidhuru. Rangi ya kucha ni ganda. Kadhalika wanja wa kope usiotoka kwa maji. Anayevimiliki avitumie siku ambazo haswali, au avitoe kabla ya kutawadha.

Wengine hupenda kuvigawa. Ni vizuri, ila vilivyokwisha muda kumpa msichana wa kazi na kuviita sadaka ni jambo ambalo aya ya 267 ya Suratul-Baqara imelikataza waziwazi: tusikusudie kutoa kibaya ambacho wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Darsani huulizwa pia kuhusu mjane. Katika eda ya miezi 4 na siku 10 haruhusiwi wanja wala manukato, kwa hadithi ya Ummu Atiyya (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Je, vipodozi vyake avitupe? Hapana, avifungie tu. Eda ikiisha afungue, kilichobadilika harufu akitupe, na wanja wake ulio salama aendelee nao.